Kiti cha Tatu Meza Kuu

Toleo lililopita niliwaacha mezani, chai inafuka moshi, na mwanangu wa kumzaa ananyoosha mguu kwa baba yake mzazi na kumwambia, "Mjomba, nifungie kiatu."

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili limefungia sabuni dukani, nikupitishe haraka haraka. Mimi ni mpambaji wa kumbi. Viti, vitambaa, maua, meza kuu, hayo ndiyo maisha yangu. Nimewapambia watu harusi zao mpaka vidole vikaota sugu, yangu mwenyewe sikuwa nayo. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa ofisi ya serikali wakati baba mkwe yuko mahututi. Tulikwenda na nguo za kazini, tukatia saini, tukarudi hospitali. Mzee akafariki. Tukaomboleza. Mtoto akaja. Sherehe ikawa mwezi ujao, ikawa mwakani, hadi mtoto akaanza kung'oka meno. Ndipo tukasema, basi, iwe sasa. Na mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Matroni kwa sababu alistaafu akiwa mkuu wa wauguzi, akasema, "Niachieni mimi."

Tukamwachia. Haya, turudi kwenye kiatu.

Mume wangu alicheka. Ni fundi friji, watu wanamwita Baridi, na si kwa sababu ya friji peke yake.

"Umeniitaje?"

"Mjomba."

"Mjomba wa nani?"

"Wangu," akasema mtoto, kisha akanionyesha mimi kwa kijiko. "Na huyu ni Anti."

Nikaweka kikombe chini. "Kijino," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita tangu meno ya mbele yang'oke, "Anti nani tena?"

"Anti bibi harusi. Ni mchezo, Mama. Bibi amenifundisha. Siku ya sherehe wewe ni Anti, Baba ni Mjomba, halafu mama yangu ni shangazi. Nikimaliza siku nzima sijakosea, nashinda baiskeli."

"Na ukikosea?"

"Inarudi dukani." Macho yalimjaa machozi kwa kulifikiria tu.

"Na Bibi, siku hiyo yeye atakuwa nani?"

"Bibi ni Bibi."

Uone ujanja huo. Nyumba nzima imebadilishwa majina, mtu mmoja tu ndiye amebaki na lake.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameinama anafunga kile kiatu, na alikifunga polepole, akakifungua, akakifunga upya. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, nilikuwa nina hasira na mtu mwingine.

Nisimame kidogo, kwa sababu tangu nianze kuyasimulia haya watu wananikamata sokoni. Juzi mama mmoja kanishika mkono kati ya nyanya na vitunguu: "We dada, una mtoto ana mapengo, gauni la nini tena? Si ungepika tu watu wakala?" Mwingine kasema nina kiburi, mama mkwe akisema hili unaitika, mambo yanaisha.

Sikilizeni. Sherehe ndiyo kazi inayonilisha, na sherehe iliyochelewa ina adabu yake. Wala si ngumu. Usiwadanganye watu uliowaita. Ndoa ilishafungwa, sema ilishafungwa, leo tunaishangilia. Gauni vaa unalolitaka, hata jekundu, hakuna askari wa magauni. Watu usiwasumbue wakuletee sufuria wakati sufuria unazo na nyingine umeshaziunguza. Waliosimama nawe siku ile ya nguo za kazini, watangulize. Na kama ndoa hiyo imezaa mtoto, mtoto anakaa mbele. Mbele kabisa, pale watu wote wanapomwona.

Hilo la mtoto ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi ile. Chai niliiacha mezani.

Sebule ya Matroni inanukia dawa ya kusafishia mwaka mzima. Vitambaa vya makochi vimepigwa pasi, hukai bila kujikagua nyuma kwanza. Mtoto nilimwacha uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja vizuri. Lete mkono."

Nikampa mkono kabla akili haijafika. Ndiyo nguvu ya wauguzi, wakisema lete unaleta. Kumbe mezani kuna kisahani cha sabuni na uzi mwembamba, na kufumba na kufumbua alishaanza kuuzungusha ule uzi kwenye kidole changu cha pete.

"Mama, unafanya nini?"

"Naitoa. Bibi harusi haingii ukumbini na pete kidoleni. Atavishwa mbele ya watu."

"Nilishavishwa."

"Utavishwa tena."

"Haitoki. Nimenenepa."

"Nimetoa pete kwenye vidole vilivyovimba kuliko hiki, na wenyewe wakipiga kelele. Tulia, mwanangu."

Nikauvuta mkono. Kisahani kikapinduka, sabuni ikatapakaa kwenye kitambaa cha kochi. Tangu niolewe sijawahi kuona kitambaa cha Matroni kikiwa na doa, na nasema wazi, sikujuta.

"Mama, mwanangu kaniita Anti."

"Anashika haraka. Ana kichwa cha babu yake."

"Kwa nini umemfundisha hivyo?"

Alikaa. Alianza kufuta sabuni kwa tambara, akaacha, akalishika lile tambara mapajani.

"Nikwambie kitu, mwanangu. Wenzangu wote wa wodini nimewachezea harusini. Kila aliyeolewa, kila aliyeozesha, mimi nipo mbele, mpaka magoti yamekwisha. Na kila mara wananiuliza, Matroni, wa kwako lini? Ninyi mlikwenda ofisini na grisi ya friji mikononi, baba yenu amelala na mipira puani. Ningesimama wapi niseme mwanangu kaoa? Nikanyamaza. Nikasema nitasema baadaye. Mtoto akazaliwa, wakamwona mgongoni kwangu, wakaniuliza ni wa nani. Nikasema ni wa binti yangu, yule wa mbali."

"Miaka yote hii?"

"Neno likishatoka linarudi vipi? Sasa wanakuja wote. Wanakuja kwa harusi ya mwanangu. Niwaambie ilishapita na sikuwaita hata mmoja? Hawatanisamehe, na wakinisamehe watanicheka. Ni siku moja tu. Mtoto atashika maua, atapendeza, atapata baiskeli yake. Kesho yake anakuita Mama kama kawaida."

Sitamsema vibaya kuliko ilivyokuwa. Alipotaja ile mipira puani, moyo wangu ulilegea kidogo. Lakini huko nje uani nilimsikia Kijino akijifundisha peke yake, anaruka kamba na kuimba, "Anti, Mjomba, Anti, Mjomba," na moyo ukakaza tena.

"Mama, pete nitaingia nayo. Na mwanangu nitamwita mwanangu."

"Muulize mumeo kwanza."

"Nimuulize nini?"

"Yeye alishakubali," akasema Matroni, akaanza tena kufuta kochi.

Karakana ya mume wangu iko nyuma ya duka la vipuri. Nilimkuta kichwa kimo ndani ya friji la mtu, miguu tu ndiyo inayoonekana. Watu wanaonijua wanasema nina sauti ya kuita gari. Siku hiyo sikuitumia. Niligonga mlango wa friji kwa ufunguo.

"Baba Kijino. Toka humo."

Akatoka.

"Ulikubali?"

Hakuuliza nini. Mume anayeuliza nini, ujue hana hatia. Wa kwangu alichukua tambara akaanza kujifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Nilisema tutaona."

"Kwa mama yako, tutaona ni ndiyo."

"Mke wangu, sikiliza. Tangu Mzee afe sijamwambia Mama hapana hata mara moja. Siwezi. Nikifungua mdomo namwona anakaa peke yake kwenye ile sebule."

"Na mimi je? Na Kijino?"

"Wewe una nguvu," akasema. "Wewe unabeba. Yeye habebi."

Jamani. Nimetukanwa na wenye kumbi, nimetukanwa na maharusi waliogombana asubuhi ya harusi yao, lakini hakuna lililoniuma kama sifa hiyo. Wakishakwambia una nguvu, ujue mzigo umeshapangwa kichwani kwako na wenyewe wameenda kupumzika.

"Nguvu zangu si godoro la watu kulalia," nikamwambia. "Sherehe ipo. Sisusi. Lakini meza kuu naipanga mimi."

"Viti viwili," akasema, kwa sauti ndogo. "Mama amesema viwili."

"Vitatu."

Nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia mlango wa friji ukifungwa taratibu.

Nilimtafutia Kijino kiti cha shule ya chekechea, kile cha mbao chenye mgongo wa duara. Nikakishonea vazi lake, kitambaa kile kile cha viti vya maharusi, na fundo kubwa mgongoni. Kusema kweli kilipendeza kuliko viwili vya wakubwa. Kila nilipochoma sindano nilisema moyoni, huyu ni wangu.

Kisha nikamwita Shahidi.

Huyu lazima mumjue. Siku ile ya ofisi ya serikali tulikuwa na shahidi mmoja tu, wa pili alikwama kazini. Karani akasema bila wawili hafungi, na hospitalini mzee anahesabiwa pumzi. Nje getini kulikuwa na mama anauza chai. Nikamwomba. Akamwachia jirani birika, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia, akatia saini, akatupigia kigelegele kimoja humo humo ofisini mpaka karani akaruka. Hicho ndicho kigelegele pekee nilichopata katika ndoa yangu. Tangu siku hiyo hana jina lingine kwetu, ni Shahidi, na siku hizi nikipata kazi kubwa ndiye mkuu wa wapishi wangu.

Matroni alimkata kwenye wageni. "Huyo ana mdomo," alisema. Vizuri. Hakuwa mgeni, basi. Nilimpitisha mlango wa jikoni.

"Mama Kijino," akaniambia Shahidi akifunga aproni, "kwa hiyo leo unaolewa na nani?"

"Na yule yule."

"Na mimi leo nimekuja kama nani?"

"Mpishi."

"Haya. Mpishi ana upawa," akasema, akaingia jikoni.

Mchana wa sherehe nilifika ukumbini na suruali ya kazi, gauni liko kwenye mfuko wake. Nikapanga viti vitatu, kidogo katikati. Nikaenda kufunga mapazia. Kurudi, viwili.

Kiti kidogo nilikikuta jikoni, kimewekewa bakuli la vitunguu. Nikakipangusa, nikakirudisha. Nikaenda kuvaa. Nikiwa nimeingiza mkono mmoja kwenye gauni nikachungulia mlangoni: viwili. Safari hii kilikuwa stoo nyuma ya mitungi ya gesi. Nikatoka na gauni halijafungwa zipu, wahudumu wakageuka ukutani kwa heshima, nikakitoa, nikakirudisha. Kwa mbali Matroni alikuwa anapanga maua, hanitazami kabisa. Maua yenyewe alikuwa ameyapanga tangu zamani.

Ndipo akaja wifi yangu, dada yake mume wangu, yule wa mbali. Alikuwa na begi la safari begani na uso wa mtu aliyekamatwa na kitu ambacho si chake.

"Wifi, nisamehe," akasema. "Mimi nimeshuka tu kwenye basi, Mama akaniambia nina mtoto."

"Na wewe ukasemaje?"

"Unamjua Mama. Nikauliza wa kike au wa kiume."

Ningecheka siku nyingine. Wifi hakupata mtoto wa kwake, na nilimwona alivyomtazama Kijino akipita na gauni lake la maua. Sikuweza kumkasirikia. Nikamwambia akae atakapokaa, mimi ugomvi wangu nautambua.

Matroni akanipita, akaniwekea glovu nyeupe mkononi. "Za kufunika kile kidole," akanong'ona. "Tusaidiane."

Nikazitia kwenye chombo cha maua mlangoni. Naamini bado zimo.

Milango ikafunguliwa. Wenzake Matroni wote walikuwa wamekaa mbele, wamejipamba kwelikweli, na waliponiona wakapiga vigelegele vya kupasua dari. Nikajiambia, pokea, ni vyako, vimechelewa tu. Mume wangu kanishika mkono. Mshereheshaji, kijana wa sauti nzito tunayemwita Spika, akapaza: "Anaingia! Bibi harusi wetu, leo anaagana na usichana!"

Watu wakashangilia. Mimi nikatazama meza kuu. Viti viwili.

Kiti kidogo kilikuwa meza ya zawadi, kimegeuzwa kuwa egemeo la baiskeli. Baiskeli nyekundu, utepe kwenye usukani, imewekwa pale mahali Kijino hawezi kuacha kuiona. Naye alikuwa safu ya mbele juu ya mapaja ya wifi, kikapu cha maua mkononi, midomo inacheza kimyakimya. Najua alichokuwa anakisema. Anti, Mjomba. Anti, Mjomba.

Nikauachia mkono wa mume wangu.

Gauni langu lina mkia mrefu, niliutaka mwenyewe. Nikauburuta kupita meza kuu hadi meza ya zawadi, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikakinyanyua kile kiti, nikarudi nacho mbele ya watu wote na kukibamiza katikati ya viwili. Ukumbi ukapiga makofi, walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Bibi harusi ametuletea kiti!" akapaza Spika. "Cha nani hicho, bibi harusi?" Akanipa maiki.

Sijui kama ameshajutia.

"Habari zenu," nikasema. "Karibuni sana. Nawashukuru kuja. Mimi si bibi harusi. Mimi ni mke wa huyu bwana tangu mwaka aliofariki baba yake, na pete ni hii hapa, haitoki. Hatukuwaita siku ile kwa sababu tulikuwa na mgonjwa. Leo tumewaita mfurahi na sisi. Na kiti hiki ni cha mtoto wetu, yule pale mwenye kikapu. Kijino, mwanangu, njoo ukae."

Wenzake Matroni wakatazamana.

Kisha Matroni akacheka. Alicheka vizuri, kwa raha, akipiga mapaja. "Huyu mkwe wangu ana utani huyu! Nimewaambia mimi! Atatuua kwa kicheko!"

Wenzake wakashusha pumzi wakacheka naye. Spika akaona pa kutokea. Akakimbia na maiki hadi safu ya mbele, akachuchumaa.

"Haya, mrembo, tumalize ubishi. Mama yako nani?"

Kijino akanitazama mimi. Akaitazama baiskeli. Akamtazama Bibi, na Bibi alikuwa anatabasamu.

"Huyu," akasema kwenye maiki, akamgusa wifi kifuani. "Yule ni Anti."

Ukumbi ulilipuka. Walicheka hadi wengine wakasimama, mama mmoja akafuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Wifi akajificha uso kwenye nywele za mtoto.

Niliumia. Sitaki kuwaficha, niliumia pale nilipomzalia. Mtoto hakuwa na kosa, alikuwa anacheza mchezo aliofundishwa na anaucheza vizuri, lakini sikio la mama halijui mchezo. Mbele ya watu wote wale mwanangu alinikana, na watu wakashangilia.

Matroni akanitazama. Alidhani nitalia. Nadhani hata mume wangu alidhani hivyo.

Nilikaa. Nikautandaza mkia wa gauni, nikaweka mkono wangu wenye pete juu ya mgongo wa kile kiti kidogo, na nikasema bila maiki, kwa ile sauti yangu ya kuita gari:

"Sawa. Kiti hiki hakitoki. Na chakula hakitoki jikoni mpaka mwenye kiti akae."

Kicheko kikapungua.

"Wahudumu!" akaita Matroni. "Leteni chakula!"

Wahudumu wakanitazama mimi. Ni watu wangu, huwalipa mimi, huwagombeza mimi. Hakuna aliyenyanyua hata sahani. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Shahidi, akaukaza mgongo kwenye mlango na kukunja mikono, upawa umechomoza kwapani.

Kicheko kikafa kabisa. Watu walikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa huanza kufikiri.

"Mwanangu," Matroni akamwambia mume wangu, sauti ya wodini imerudi, "kiondoe hicho kiti. Keti. Tuendelee."

Baridi alikuwa bado amesimama pale pale nilipomwachia mkono. Akaja meza kuu. Akakishika kiti chake mwenyewe, kile kikubwa chenye maua, akakivuta pembeni hadi kile kidogo kikapata nafasi ya kutosha.

"Hapana, Mama," akasema.

Lilikuwa neno dogo na alilisema kwa sauti ya mafua. Lakini nilimwona Matroni, kule alikokaa, akishika ukingo wa meza yake.

Wenzake wakaanza kuinamiana. Nikasikia mmoja akiuliza, "Kwani yule mtoto wa nani hasa?" na mwingine, "Mbona kafanana na bwana harusi?"

Spika alikuwa ameduwaa katikati ya ukumbi, mikono mitupu. Maiki alishaisahau. Ilikuwa kwa Kijino, na Kijino alikuwa ameteremka kutoka kwa wifi na kusimama nayo, kaishika kwa mikono miwili mdomoni pake, mapengo yote nje. Hakuwa ananitazama mimi.

"Bibi," akauliza, na ukumbi mzima ukamsikia, "nikienda kwa Mama, baiskeli inarudi dukani?"

Hakuna aliyecheka.

Shingo zote zikageuka. Wenzake wote wa wodini, wale aliowachezea mpaka magoti yakaisha, walikuwa wanamtazama Matroni na kusubiri jibu.

Akasimama. Akajinyoosha gauni, akakaza kilemba. Alitembea polepole mbele ya wote mpaka meza kuu, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile tukatazamana machoni. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kile kiti.

"Toa mkono, mwanangu," akasema.

Sikuutoa. Naye akainama, akakishika kiti kwa mikono yote miwili, akaanza kukinyanyua. Alikipeleka wapi, nitawaambia toleo lijalo.